Maboga masika, nyanya kipupwe: bustani ya nyumbani hatua kwa hatua

Mvua za masika zikianza mwezi Machi, hapa Morogoro utawaona watu wengi wanapanda nyanya. Maji yamekuja bure, nani atangoja? Mimi pia nilipanda hivyo miaka miwili mfululizo, miche 30 kila mwaka. Mara zote mbili majani ya chini yalianza kutoa madoa ya kahawia yenye miviringo ndani yake, kama unayoiona kwenye gogo lililokatwa. Ugonjwa ukapanda jani kwa jani, na kufika katikati ya Mei zimebaki fito na vijinyanya vya kijani vilivyoungua na jua. Wakati huohuo boga lililojiotea kwenye shimo la taka nyuma ya jiko lilikuwa limetambaa mpaka juu ya banda la kuku, na hakuna aliyelihudumia kwa chochote.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko mbolea na dawa zote: mazao haya mawili hayapendi msimu mmoja. Boga linataka mvua na nafasi. Nyanya inataka maji mizizini, majani makavu, na usiku wenye ubaridi kidogo. Usiku ukiwa na joto kali, nyuzi 24 na kuendelea, maua mengi ya nyanya hudondoka bila kushika tunda, na ndiyo maana nyanya za Januari na Februari kwa watu wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hutoa majani mazuri tu. Kwa hiyo ukanda wetu wa joto ratiba ni hii: mbegu za boga ziingie ardhini Machi, baada ya mvua mbili tatu za kulowesha. Kitalu cha nyanya kianze mwishoni mwa Aprili, miche ihamishwe mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, mvua zikiwa zinakatika. Utavuna kuanzia Agosti. Walio kwenye baridi kama Mgeta, Lushoto au Arusha wana shida nyingine: kwao bakajani chelewa, ugonjwa uleule ulioteketeza viazi vya Ireland miaka ya 1840, hupenda baridi na unyevu pamoja. Wao wasubiri ukungu wa asubuhi upungue kwanza ndipo wahamishie miche shambani.

Eneo langu ni mita 10 kwa 6, na linatosha. Maboga hayachukui hata mita moja ya katikati. Nayapanda pembezoni, karibu na uzio na lile shimo la taka, na matawi nayaelekeza nje. Katikati ninabakiza kwa ajili ya nyanya.

Kabla ya kushika jembe

Angalia jua kwanza. Simama uani saa tatu asubuhi, kisha saa tisa alasiri, uone kivuli cha nyumba na cha mwembe kinaangukia wapi. Nyanya inahitaji jua la saa 6 au zaidi kwa siku. Chini ya mwembe usijisumbue.

Jiulize pia pale pamepandwa nini mwaka jana. Kama palikuwa na nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo au mnavu, usipande nyanya. Hao wote ni ukoo mmoja na wanarithishana magonjwa kupitia udongo. Boga si wa ukoo huo, kwa hiyo mnyauko wa nyanya haulihusu. Lakini kuna adui mmoja wa wote wawili: minyoo fundo. Ng'oa mche wa zamani utazame mizizi. Ukikuta vinundu kama shanga zilizotungwa, pale usipande nyanya wala boga. Weka marejea, ile mbolea ya kijani, msimu mmoja au miwili, hao wadudu wapungue.

Samadi lazima iwe imeoza. Iliyooza ni nyeusi, imepoa, na inanuka kama udongo baada ya mvua. Ikiwa bado inatoa harufu ya zizi au ukiingiza mkono unahisi joto, iache miezi miwili mingine, la sivyo itaunguza mizizi.

Boga: kuanzia shimo mpaka ua

Chimba shimo lenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 45. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi, urudishe. Mashimo yaachane mita 2 au zaidi. Najua utaona nafasi imepotea, lakini subiri Aprili. Weka mbegu 3 kila shimo, kina cha sentimita 2 hadi 3, na baada ya wiki moja hivi zitakuwa zimeota. Zikifikisha majani mawili halisi, bakiza mche mmoja au miwili yenye nguvu. Uliyoiondoa ikate kwa mkasi usawa wa ardhi. Ukiing'oa utatikisa mizizi ya mwenzake.

Siku za kwanza chunga mende wekundu wa maboga. Ni wadogo, wana rangi ya machungwa, na hutoboa majani machanga yakawa kama chujio. Asubuhi mapema wanakuwa wazito kuruka, unawaokota kwa mkono na kuwatia kwenye kopo la maji ya sabuni. Majivu makavu yaliyopeperushiwa juu ya majani nayo husaidia mpaka mvua itakapoyaosha. Mche ukishafikisha majani sita hivi, haupati tabu nao tena.

Baada ya wiki tano au sita unaanza kula majani. Hapa nina deni kwa bibi mmoja jirani yangu, aliyekuwa akipita kila asubuhi ya Aprili.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Sasa mbona unanikatia majani makubwa hayo? Hayo ni ya mbuzi. Nikatie ncha.”

Akanionyesha. Unakata ncha ya tawi pamoja na majani matatu au manne machanga na vikonyo vyake. Kisha unavunja kikonyo mwishoni, usikikate kikaachana kabisa, halafu unavuta kuelekea kwenye jani. Uzi mrefu wa kijani unatoka pamoja na vile vinywele vinavyokwaruza. Unageuza upande wa pili, unavuta tena, mpaka kikonyo kibaki laini na kinang'aa. Usipoyamenya hivyo, msusa utakukwaruza koo hata ukiupika na nazi mbili. Na kukata ncha kunalifanya tawi litoe matawi mengine pembeni, kwa hiyo unavyovuna ndivyo linavyozidi. Ila usiwe na tamaa. Shina unalolivuna majani kila siku tatu halitakupa maboga makubwa. Mimi natenga: mashina mawili ya msusa, matatu ya maboga, na haya ya maboga nayakata ncha mara moja tu.

Sasa maua, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa. Maua ya kwanza yatachanua, yatanyauka, yatadondoka, na hakuna boga hata moja. Mtu anadhani shina lake ni “dume” analing'oa. Usiling'oe! Boga hutoa maua dume na maua jike kwenye shina hilohilo, na ya kiume hutangulia kwa wiki moja au zaidi. Ua dume limekaa juu ya kikonyo chembamba kirefu. Ua jike limekaa juu ya kiboga kidogo chenye ukubwa wa ndimu, unakiona hata kabla ua halijafunguka. Ukishayaona yote mawili siku moja, kazi imebaki kwa nyuki.

Nyuki wakikosekana, na mjini hukosekana, ifanye wewe. Amka saa kumi na mbili na nusu, maana ua hufunguka alfajiri na kufikia saa nne au saa tano limeshajikunja. Chuma ua dume lililochanua siku hiyo, bandua yale majani yake ya njano pande zote mpaka kibaki kile kijiti cha katikati. Kiguse kidogo kwa kidole: kikikuachia unga wa njano, kiko tayari. Kisugue polepole ndani ya ua jike, ukigusa pande zote za kile kitovu chake chenye mafundo matatu au zaidi. Dume mmoja anatosha majike wawili. Baada ya siku nne, kiboga kilichoshika kinang'aa na shingo yake imeinama chini. Kisichoshika kinageuka njano kuanzia nchani, kinalainika, kinaanguka.

Kiboga kichanga kina adui wake, inzi wa matunda. Hutoboa ngozi na kutaga ndani, na baadaye unakuta boga limepinda, lina tundu linalotoa utomvu kama gundi, na ndani kuna funza. Mimi nakivika kila kiboga mfuko wa gazeti mara tu kinaposhika, nakifunga juu kwa uzi bila kukaza, nauondoa kikifikia ukubwa wa ngumi mbili. Vilivyokwishatobolewa usivitupe shimoni. Vifunge kwenye mfuko wa plastiki, uuache juani wiki nzima, la sivyo umefuga inzi wa mwezi ujao.

Mvua zikikatika, majani ya zamani yatapata unga mweupe kama yamenyunyiziwa sembe. Huo ni ubwiri unga. Kama maboga yako yameshakomaa, usihangaike nao. Kata majani yaliyoathirika sana, basi.

Boga limekomaa pale kikonyo chake kinapokauka na kuwa kama gome, na ukibonyeza ngozi kwa ukucha haipenyi. Ni kama miezi mitatu hadi minne tangu kupanda. Likate na kikonyo chake, urefu wa kidole, maana likikatika pale shingoni linaoza haraka. Liweke juani siku chache, kisha ndani, juu ya kichanja au majani makavu, lisigusane na lingine. Linakaa miezi.

Nyanya: kitalu mpaka fito

Anza na mbegu. Kwa nyumbani nashauri Tanya au Tengeru 97, aina mbili zilizotolewa Tengeru, Arusha, mwaka 1997. Tanya ina ganda gumu na haipasuki haraka. Tengeru 97 inavumilia minyoo fundo. Mbegu za chotara zinazaa sana lakini bei yake ni ya mtu anayeuza, na huwezi kuhifadhi mbegu zake. Kwenye duka la pembejeo tazama tarehe ya mwisho wa matumizi na lebo ya TOSCI, ile taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu ambayo makao yake yako hapahapa Morogoro. Mwaka mmoja nilinunua pakiti duka moja, sikusoma tarehe. Kati ya mbegu mia hivi zikaota tisa, na wiki mbili nzuri za kitalu zikapotea.

Kitalu cha mita 1 kwa 1 kinakutosha na jirani yako. Changanya ndoo 3 za udongo wa juu, ndoo 1 ya samadi iliyooza, ndoo 1 ya mchanga. Siku moja kabla ya kusia, mwagia maji yanayochemka ili kuua vimelea vya juu. Chora vijimfereji vya kina cha sentimita 1, vikiachana sentimita 15, dondosha mbegu moja moja kila baada ya sentimita 2 au 3, fukia kidogo, tandaza nyasi kavu, mwagilia. Chipukizi za kwanza zikitokeza, siku ya sita hadi ya nane, ondoa nyasi siku hiyohiyo. Ukichelewa siku mbili miche inarefuka kama uzi.

Jenga kichanja cha nyasi au nailoni juu yake, kwa kuwa Aprili bado mvua inapiga. Ukiona miche imekonda shingoni, pale usawa wa udongo, kisha inalala chini, hicho ni kinyaushi. Punguza maji, punguza msongamano.

Wiki ya mwisho mwagilia kidogo na uizoeshe miche jua, ikomae. Wiki ya nne, ikiwa na majani 4 au 5 na unene wa penseli, ihamishe jioni. Nafasi ni sentimita 50 kutoka mche hadi mche, 75 kutoka mstari hadi mstari. Kila shimo tia koleo moja la samadi. Ukiwa na mbolea ya dukani, DAP au NPK, tia kizibo kimoja cha soda, kifunike na udongo ili mizizi isiiguse moja kwa moja. Zika mche mpaka karibu na majani ya kwanza, kwa sababu shina la nyanya lililozikwa hutoa mizizi. Shindilia kwa vidole, mwagilia, tandaza nyasi kavu au pumba za mpunga. Matandazo haya si pambo. Yanatunza unyevu na yanazuia udongo wenye vimelea usirukie majani ya chini wakati wa kumwagilia.

Baada ya wiki tatu weka kizibo kingine, cha mbolea ya CAN, kwa duara, sentimita 10 kutoka shinani. Usimwage urea ukidhani unasaidia. Utapata kichaka kizuri kisicho na nyanya.

Fito za mita 1.5 zisimamishe mapema, kabla mizizi haijasambaa. Funga kwa vipande vya kanga chakavu, fundo liwe na umbo la nane kati ya fito na shina, shina lipate pumzi. Kwa aina ndefu kama Tengeru 97, kila wiki tazama kwapa la kila jani: hapo huchomoza kijitawi. Kikiwa na urefu wa kidole kivunje kwa pembeni, asubuhi, kidonda kikauke mchana. Tanya ni fupi, usiipunguze sana. Majani yanayogusa ardhi yaondoe kwa aina zote. Na mvuta sigara anawe mikono kwa sabuni kwanza, kwa sababu tumbaku hubeba virusi vya nyanya.

Maji, maji, maji

Mwagilia shinani, asubuhi, kamwe si juu ya majani. Mche mkubwa wakati wa jua unakunywa lita 1 hadi 2 kwa siku. Kubwa zaidi ni usawa: kila siku au kila baada ya siku moja, kiasi kilekile. Ukiiacha nyanya siku tano ikanyauka halafu ukaigharikisha, tunda linapasuka, au linatoa doa jeusi lililobonyea chini yake. Huko ni kuoza kitako. Watu hulinyunyizia dawa ya ukungu, na si ukungu. Ni madini ya chokaa (kalsiamu) kutofika kwenye tunda kwa sababu maji yalikatika njiani. Maganda ya mayai yaliyosagwa yana madini hayo, lakini huchukua muda mrefu kuyeyuka, hayataokoa nyanya za wiki hii. Rekebisha maji, na nyanya zinazofuata zitatoka safi.

Ukisafiri, toboa tundu dogo kwenye kizibo cha chupa ya lita moja na nusu, kata kitako chake, izike kichwa chini karibu na mche, uijaze. Inadondosha taratibu.

Wanaokuja kula kabla yako

Mche mzima ukinyauka ghafla mchana huku majani bado ya kijani, na jioni hauamki, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, utulie dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye ncha iliyokatwa, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa. Ng'oa mche na udongo wa mizizi yake, uchome, na pale usipande ukoo wa nyanya kwa miaka mitatu. Osha jembe.

Kantangaze alithibitishwa nchini mwaka 2014, asili yake Amerika ya Kusini, na sasa hakuna bustani isiyomjua. Ni nondo mdogo wa kijivu. Kiwavi wake hula nyama ya jani na kuacha ngozi mbili, ukiinua jani juani unaona dirisha, na ndani yake mnyoo wa kijani na vinyesi vyeusi. Kwenye tunda huingilia karibu na kikonyo. Miche 30 unaweza kuikagua kwa robo saa: kila baada ya siku mbili chuma majani yenye madirisha, yafunge kwenye plastiki, yaweke juani. Usiku weka beseni la maji ya sabuni na taa juu yake, nondo watatumbukia. Kwa viwavi wachanga, twanga gramu 50 za kokwa kavu za mwarobaini kwa kila lita 1 ya maji, ziloweke usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo, nyunyiza jioni. Rudia kila wiki.

Majani ya juu yakijikunja, yakawa madogo na ya njano, mche ukadumaa, wakulima wanaita rasta. Huletwa na inzi weupe, na mche huo haurudi. Ung'oe mapema kuliko kuuhurumia.

Ukilazimika kutumia dawa ya dukani, soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na uzifuate. Nyanya hii utaila na watoto wako, mbichi, kwenye kachumbari. Na usinyunyize asubuhi maua ya maboga yakiwa wazi, utaua nyuki.

Kuvuna, na mbegu za mwakani

Miezi miwili na nusu hivi baada ya kuhamisha, nyanya za kwanza zitaanza kupata wekundu kitakoni. Zikiwa nusu nyekundu unaweza kuzichuma zikaivie ndani, mbali na ndege na kantangaze. Zikiisha mwezi Septemba au Oktoba, ng'oa mashina yote na kuyachoma. Mashina makuukuu yanayosimama mpaka vuli ndiyo ghala la wadudu wa msimu ujao.

Kwa Tanya au Tengeru 97, chagua tunda la mche ambao haukuugua. Kamua mbegu na maji yake kwenye kikombe, ziache siku mbili au tatu mpaka utando mweupe uote juu na ule ute uachie. Zioshe kwenye chujio, zianike kivulini juu ya sahani, si juu ya karatasi kwa kuwa zitaganda. Zikikauka kabisa zitie kwenye bahasha, andika aina na mwezi, na uiweke ndani ya chupa yenye kifuniko, pamoja na majivu makavu kidogo yaliyofungwa kitambaani.